Mwonjaji Asiyejua

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili si wazo langu. Ni amri ya mke wangu, na ameitoa kwa maandishi, maana tangu Jumamosi walipompasua koo kutoa uvimbe haruhusiwi kutoa sauti. Kumeza pia hamezi. Chakula chake ni maji mazito yanayopitia mpira wa puani. Uvimbe wenyewe, daktari anasema, si ule ugonjwa tuliokuwa tunaogopa hata kuutaja. Nilishukuru, kisha nikamuuliza jambo moja tu: atakula lini? Akasema, "Tutaona." Mimi ni fundi wa lifti, mwaka wa thelathini na moja huu. Fundi akimwambia mteja "tutaona", ujue hajui.

Mke wangu anaandika kitabu cha jiji. Kile chembamba ambacho wageni hutembea nacho mkononi, kinachowaambia wakale wapi na wakishashiba waende wapi. Kila mwaka msimu wa mvua ndio wa kukipitia upya: hoteli zilizofungwa zitoke, mpya ziingie, za zamani zionjwe tena. Mwaka huu alikuwa amebakiza sehemu ishirini na nne. Mhariri wake, ambaye nyumbani tunamwita Kalamu Nyekundu, amempa hadi mwisho wa Aprili.

Leo akaandika kwenye kikaratasi: "Nenda wewe. Kula, andika, niletee. Andika kila kitu, usichague."

Nikamwambia, "Mama, mimi na hoteli wapi na wapi? Mimi nimezoea chakula chako."

Akaniangalia kwa muda. Sikuuelewa ule mtazamo. Kisha akaandika: "Ndiyo maana."

Jumatano, 6 Machi

Hoteli ya kwanza, nyuma ya stesheni ya treni. Viti vya plastiki, meza zimetandikwa mpira wenye maua, mhudumu ana haraka kama mtu anayedaiwa na treni yenyewe. Nikala wali na maharagwe. Jioni nikampelekea mke wangu taarifa: "Wali mzuri. Maharagwe mazuri. Huduma nzuri."

Akasoma, akageuza ukurasa kuona kama kuna zaidi. Akaandika: "Lifti ikikwama, kwenye daftari la kazi unaandika 'mbovu' tu?"

"Hapana. Naandika imekwama ghorofa gani, kamba imelegea kiasi gani, breki inalia vipi."

"Haya basi."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaandika upya. Wali umesimama punje kwa punje. Maharagwe yamepikwa na mtu asiye na haraka, si kama mhudumu. Kwa mbali kuna kitu cha moshi, kama sufuria iliyowahi kuungua zamani ikasamehewa. Akasoma hapo akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Lifti ya benki imekwama mara mbili. Sikula popote.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimechanganyikiwa na sitaki kuficha.

Nilikwenda hoteli ya samaki, iliyo ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa. Samaki akaletwa mzima, amechanjwa mistari mitatu ubavuni, ana ndimu, kitunguu saumu, na pilipili iliyofichwa ndani ili ikushtue mwishoni. Tonge la kwanza tu nikaacha kutafuna. Huyu alikuwa samaki wa mke wangu. Samaki wa Ijumaa! Sisemi alifanana naye. Alikuwa yeye, na mistari yake mitatu na pilipili yake ya kuvizia. Nimemla miaka na miaka nyumbani kwangu nikiwa nimevua viatu.

Nikamwita mhudumu. "Nani anapika hapa?"

"Kuna tatizo, mzee?"

"Hakuna. Nataka kumwona tu."

Akatoka jikoni mwanamume mnene mwenye masharubu, anajifuta mikono kwenye aproni. Nikamuuliza amejifunza wapi kupika samaki namna hii.

"Kwa babu yangu," akasema. "Naye alifundishwa na babu yake."

Nikamtazama juu mpaka chini. Babu wa babu yake hakumjua mke wangu, hilo nina hakika nalo. Nikamaliza samaki, nikalamba vidole, nikatoka nikiwa sijui niwaze nini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia. "Mama, usishtuke, ila kuna mtu ameiba samaki wako." Nikamweleza mistari, ndimu, pilipili, na yule bwana wa masharubu anayemsingizia babu yake.

Akajifunika shuka usoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani ni maumivu, nikamkimbilia muuguzi. Muuguzi akaja, akafunua shuka, akamtazama, akanitazama mimi. "Baba, mgonjwa haumwi. Anacheka. Na hatakiwi kucheka, nyuzi zitafumuka. Umemwambia nini?"

Nikajibu nimemletea habari za wizi.

Alhamisi, 14 Machi

Kitabu kina sura iitwayo Baada ya Kula, kuhusu mahali pa kutembelea. Mke wangu alinituma kwenye lile jengo refu ambalo watu hupanda kuangalia mji. Kazi rahisi, nikasema, lifti zake nazihudumia mwenyewe. Nimeandika kurasa nne: mwendo wake, milango inavyofunga bila kelele, ile mota tuliyobadilisha mwaka juzi ambayo sasa haisikiki hata ukibandika sikio. Akasoma zote nne kwa subira. Kisha akaandika: "Na juu kuna nini?"

Hapo ndipo nikakumbuka sikutazama.

Ijumaa, 15 Machi

Nimerudi juu. Mji wote unaonekana, pamoja na mvua inavyokuja kutoka upande wa viwanda. Bustani ina bwawa lenye mashua za kupiga kasia, zote zimejaa maji ya mvua, hakuna aliyepanda. Hospitali inaonekana vizuri. Nilihesabu madirisha mpaka nikalipata lake, nikasimama hapo hadi mlinzi akaniuliza kama niko salama.

Jumanne, 19 Machi

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Ndani ya siku kumi nimekuta, mjini kote, meza yangu ya nyumbani imesambazwa. Dengu zangu za Jumanne ziko kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na mahakama. Nyama yangu ya kukaushwa na vitunguu iko hoteli ya wanafunzi wa chuo. Wapishi tofauti, mitaa tofauti, hata hawasalimiani. Wote wanapika kama mke wangu. Nilifikiri labda aliwafundisha yeye. Nilifikiri labda anapika kwa siri huko na huko, mwanamke mmoja, majiko ishirini. Hakuna wazo lililosimama wima.

Leo nimekula kuku wangu wa Alhamisi, mwenye tangawizi nyingi na mchuzi mzito, kwenye hoteli ndogo pembeni ya soko la vitabu. Mhudumu ni msichana mcheshi. Nikamwambia kwa ujanja, "Kuku huyu lazima ana wateja wake."

"Tena sana! Kuna mama mmoja, mfupi, ana miwani ya kamba. Huwa anaagiza sahani mbili. Moja anaidonoadonoa hapa, ya pili anafungiwa. Ukimuuliza anasema, hii ni ya mzee wangu."

"Mzee wake yupi?"

"Mzee wake, babu. Nitajuaje? Lakini anampenda. Huwa anataka kipande cha paja."

Mama mfupi mwenye miwani ya kamba ni mke wangu, hapo hakuna ubishi. Lakini mimi sijawahi kuletewa chakula cha hoteli hata siku moja! Mimi nakuta chakula mezani, kwenye hotpoti zetu, na mke wangu ameketi. Sasa huyo mzee anayekula mapaja ni nani?

Kuku aliyebaki sikummaliza.

Jumatano, 20 Machi

Sikwenda hospitali. Nimesema nina kazi.

Alhamisi, 21 Machi

Nimekwenda. Akaandika: "Una nini?" Nikasema ni mvua. Akaandika: "Mvua imeanza lini kukuuma?" Daftari sasa naliacha nyumbani, taarifa za hoteli nampelekea kwenye karatasi. Nilimpaka mafuta miguuni kama kila siku. Amekonda mpaka pete imehamia kidole cha kati.

Jumamosi, 23 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kufua mashuka. Ni mtu wa mdomo, tangu ndoa yetu hajawahi kunipa nafasi ya kupumua. Nikaona bora nimuulize yeye.

"Shemeji, niambie ukweli. Dada yako ana mzee anayempelekea chakula?"

Akaacha kufua. "Anaye."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, shemeji. Miaka. Mzee mwenyewe hana hata shukrani ya kuosha sahani."

"Na wewe unamjua?"

"Namjua vizuri. Mzee mmoja hivi, ana kitambi, akishiba anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango."

Nikamwambia sioni cha kuchekesha. Akaniangalia, na mimi nilikuwa nimeegemea mlango, mgongo unaniwasha. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya sabuni. "Shemeji, wewe lifti yako kichwani imekwama ghorofa ya chini. Muulize mwenyewe. Mimi sivunji kazi ya mtu."

Kazi gani? Sielewi. Nimelala na swali, nimeamka nalo.

Jumatano, 27 Machi

Leo walimjaribisha kumeza. Kijiko kimoja cha maji. Yakapita njia isiyo yake, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, muuguzi akampiga mgongoni, mimi nikasukumwa nje. Nilisimama kwenye korido nikitazama lifti ya hospitali ikipanda na kushuka. Ina mlio mbaya upande wa kushoto. Nilisahau kabisa habari za mzee. Wacha awe naye, nilisema moyoni, wacha awe nao hata kumi, mradi ameze.

Daktari anasema watajaribu tena.

Jumapili, 31 Machi

Niliamka na njaa nikaamua nijipikie. Naandika kwa aibu: sijui mara ya mwisho nilivuka kizingiti cha jiko letu kwa nia ya kupika. Mwenye nyumba ni mimi, ila jikoni nilikuwa mgeni.

Sasa, mimi sijui chakula, lakini mashine naijua. Mashine inayofanya kazi ina alama zake: mafuta, mkwaruzo, joto, harufu. Jiko letu la gesi lina plati nne. Moja imetumika, ina weusi wa chai na mayai. Tatu ni mpya. Chini yake bado kuna kile kikaratasi cha kiwandani, hakijaguswa na moto. Nikafungua kabati. Chupa za viungo zimepangwa vizuri, tangawizi, bizari, pilipili manga, vizibo vyake havijawahi kufunguliwa. Sufuria kubwa haina hata mchubuko mmoja. Nikafungua kabati la chini, na hapo nikakuta maboksi ya kubebea chakula, yameoshwa, yamekaushwa, yamepangwa kwa ukubwa, mengi mno. Juu ya mojawapo kuna mchoro wa samaki. Jingine lina jina la hoteli ya karibu na soko la vitabu.

Nikakaa sakafuni.

Yule mzee wa mapaja ni mimi.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi mngeniambia tu. Miaka ishirini na moja nimekuwa nikisema mbele za watu, harusini, kazini, msibani, kwamba hakuna hoteli mji huu inayomfikia mke wangu kwa mapishi. Na watu walikuwa wakitikisa kichwa. Leo najiuliza wangapi walikuwa wakijua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya mke wangu imezunguka mji mzima na haijaisha.

Nimekunywa chai kavu.

Jumanne, 2 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Kalamu Nyekundu nikiwa nimelowa na nina hasira. Ofisi iko ghorofa ya tano, lifti imeandikwa "mbovu" na hakuna aliyeeleza mbovu vipi. Nikapanda ngazi. Nikamwekea taarifa mezani, nikasema, "Niambie jambo moja. Kwa nini mke wangu huagiza sahani mbili?"

Yeye ni kijana mrefu, mpole kuliko kalamu yake. Akanitazama, akasimama taratibu. "Kumbe ni wewe, mzee wangu?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaita wenzake. Wakaja watu wanne, mmoja ana ufagio, wote wakanipa mkono kana kwamba nimerudi kutoka mbali. "Huyu ndiye mwonjaji asiyejua," akawaambia.

Nikasema, "Asiyejua nini?"

Akanikalisha. Akaeleza polepole, na hata hivyo ilinibidi nimrudishe nyuma mara mbili. Kitabu kina sheria yake tangu kilipoanzishwa. Mahali popote huagizwa sahani mbili. Moja mwandishi huila pale pale, aone huduma, aone usafi, aone kinavyotoka motoni. Ya pili hupelekwa kwa mtu ambaye hajui imetoka wapi, na zaidi ya hapo, hajui kama anaonja. "Kwa sababu mtu akijua jina la hoteli, anasifu jina. Akijua anaonja, anaanza kuongea kama kitabu. Waandishi wengine hubadilisha waonjaji kila mwaka, maana siri huvuja. Mke wako hajawahi kubadilisha. Tulikuwa tunamuuliza, huyo mtu wako kweli hajui mpaka leo? Anasema, hajui."

Nikasema, "Ni kweli. Hakujua."

Akaniletea matoleo ya zamani, yote. Mimi sijawahi kusoma kitabu cha mke wangu. Nisome cha nini, nilikuwa nakula nyumbani. Nikafungua cha mwaka wa nne, ukurasa wa hoteli ya samaki. Kimeandikwa: "Pilipili yake ina adabu, inakungoja ushibe ndipo ibishe hodi." Hayo niliyasema mimi. Nilikuwa nimevua viatu, binti yetu bado mdogo, akauliza pilipili inabishaje hodi. Nikafungua kingine. "Mchuzi huu ungekuwa lifti, ungekufikisha juu bila kukutikisa." Mimi. Kingine: "Dengu za mtu aliyegombana asubuhi na kupatana mchana." Mimi, na siku hiyo ndiyo tulikuwa tumegombana. Ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka, maneno yangu ya mezani, yamepigwa chapa na kusomwa na wageni wasiojua hata kwamba nipo duniani.

Kalamu Nyekundu akasema, "Hayo mimi sijawahi kuyatia wino mwekundu."

Nimerudi kwa miguu. Sijui kama nimeibiwa au nimetunzwa. Naandika sentensi hii mara ya tatu na bado sijui.

Jumatano, 3 Aprili

Niliingia wodini, nikaweka lile boksi la samaki juu ya shuka. Sikusalimia.

Akalitazama. Akachukua kalamu, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Ungeniambia," nikasema. "Miaka ishirini na moja, mama! Nimekusifu mpaka mbele ya wakwe. Umeniacha nijiaibishe."

Akaandika: "Ningekuambia, ungeanza kusema chakula kizuri, huduma nzuri."

Nikalisogeza boksi pembeni.

"Kwa hiyo mimi ni kifaa cha kazi. Kama kile cha kupimia umeme."

Akaandika kwa muda mrefu, muuguzi akaja akaondoka, bado anaandika. Karatasi ninayo hapa, nainakili. "Mwaka wa kwanza ilikuwa sheria. Baadaye ilikuwa mimi. Nikila hotelini najua chumvi imeingia saa ngapi na vitunguu vimekatwa na mtu wa kushoto au wa kulia. Yote hayo nayajua, lakini hamu sina. Hamu naipata jioni nikikusikiliza. Nilikuwa nasubiri jioni kuliko unavyodhani."

Ni kweli kwamba kila jioni alikaa mbele yangu, shavu kiganjani, ananitazama nikila. Yeye alikuwa anajichotea kidogo kidogo kutoka sahani yangu. Nikamwambia, "Mimi nilidhani yale ni mapenzi."

Akaandika haraka, kalamu ikatoboa karatasi: "Yalikuwa nini basi?"

Nikauliza swali la kijinga, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. "Na kupika hujui kabisa?"

"Mayai."

Nikatoka nje kabla hajaniona nikicheka, maana bado nina hasira na nataka iheshimiwe.

Jumanne, 9 Aprili

Barabara ya stesheni imejaa maji. Nimekula sehemu mbili. Tangu nijue, ulimi umepata haya. Nakaa mbele ya sahani nikiwaza, niseme nini kuhusu hii? Na hakuna kinachokuja. Nimeandika: "Nyama laini. Viazi vizuri." Mke wangu akasoma, akaikunja karatasi akanirudishia. Sehemu tano zilizobaki Kalamu Nyekundu ataziacha kama zilivyokuwa mwaka jana.

Jumamosi, 13 Aprili

Ametolewa mpira, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Alimeza maji, akameza uji mwepesi, daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sauti imerudi nusu, inakwaruza. Lakini daktari alinivuta pembeni. "Njia iko wazi, mzee. Sasa ni yeye. Ana kilo arobaini na saba. Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa mmrudishe nimpime. Akishuka chini ya arobaini na tano, itabidi tumtoboe tumboni tumwekee mpira huko, na ule ukishawekwa, wengi hawaachani nao."

Jumatano, 17 Aprili

Hali chakula. Anapeleka kijiko mdomoni, anakishusha. Nimempikia supu mwenyewe, ya kwanza imeungua, ya pili ilikuwa maji ya moto yenye karoti. Nimemletea supu kutoka kwa yule bwana wa masharubu, ameonja mara mbili, akasema, "Ameongeza ndimu mwaka huu," akasukuma bakuli.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Sasa nini?"

"Sina hamu, mzee. Ni kama kutafuna karatasi iliyoandikwa vizuri."

Ijumaa, 19 Aprili

Vijiko viwili.

Jumapili, 21 Aprili

Kijiko kimoja, na hicho nilimbembeleza kama mtoto mpaka tukakasirikiana.

Jumatano, 24 Aprili

Nimempima kwa mizani ya duka la dawa. Arobaini na tano na nusu. Shemeji amehamia kwetu. Nilimwambia jikoni kwa sauti ya chini kwamba nimejaribu hoteli saba, sijui nifanye nini tena. Nikasema naogopa. Nadhani ni mara ya kwanza kumwambia shemeji jambo asilolijibu kwa utani. Aliniuliza tu, "Wewe mwenyewe mara ya mwisho umekula lini ukashiba?" Sikukumbuka. Siku hizi nikila naangalia kijiko chake tu, changu sikioni.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua leo ilikuwa ya kufungia msimu. Saa saba mchana wakaniita, lifti ya benki imekwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, ndani kuna watu saba na mmoja ana mimba. Siku ya mapumziko, benki ina ukaguzi. Nilihangaika nayo hadi saa kumi na moja. Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa, mikono ina grisi, njaa imenishika mpaka naona maluweluwe.

Mezani kulikuwa na hotpoti. Shemeji akasema, "Nawa ule, shemeji, usianze maneno." Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake na bakuli lake lililojaa, halijaguswa. Nikavua viatu. Nikanawa. Nikajitwalia, na Mungu anisamehe, sikuwaza habari ya kilo wala ya kesho. Nilikula tu.

Tonge la tatu nikasema, "Sasa huyu aliyepika hii, kuna mtu alikuwa anamsubiri."

Mimi nikaendelea, mdomo umejaa. "Hebu onja hapa. Kitunguu hakijakaangwa, kimeombwa. Kimeombwa mpaka kikakubali mwenyewe. Halafu kuna hiki kitu kichachu, kinakuja, kinakuchungulia, kinarudi ndani. Kama mtoto wa mwenye nyumba wageni wakija."

Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Sikuinua macho, nikidhani ni shemeji.

"Na nyama?" Ilikuwa ile sauti ya kukwaruza.

Nikainua macho. Mke wangu alikuwa ameegemeza shavu kiganjani. Mkono mwingine umeshika kijiko, na kijiko kilikuwa kitupu. Kooni mwake, chini ya kovu, kitu kilipanda kikashuka.

Niliogopa hata kupumua. Nikasema, "Nyama ni laini." Akanikunjia uso. Nikajirekebisha haraka. "Nyama imechoka vizuri. Imechoka kama mtu aliyefanya kazi anayoipenda."

Akachota tena. Akameza. Akachota.

Shemeji akafungua mdomo, nadhani kutuambia chakula kimetoka wapi. Mke wangu akamnyooshea kiganja bila kugeuka. "Usimwambie," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Endelea."

Nikaendelea. Nilisema habari za mchuzi, habari za viazi, nikarudi kwenye kitunguu, mpaka maneno ya chakula yakaniishia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta kwa sababu ya grisi. Nikaanza kumsimulia lifti ya benki, jinsi ilivyokwama, jinsi yule mama mwenye mimba alivyowaimbisha wenzake gizani ili wasiogope, jinsi nilivyoshusha ile kamba ya chuma inchi kwa inchi. Yeye anakula. Nikamwambia milango ilivyofunguka, na nani alitoka kwanza, na nani alisahau kiatu. Anakula. Nje mvua ilikuwa imekatika na sikumbuki ilikatika saa ngapi. Nilikuwa nimefika kwenye kubadilisha breki, habari ambayo haijawahi kumfurahisha mtu yeyote duniani, ndipo nikasikia kijiko chake kinakwangua bakuli.